Mwali Chini ya Blanketi: Kisungu Kama Teatri ya Zamani

Mtu wa Lubumbashi akikuambia "teatri ya zamani", atakuonyesha lile jengo la miaka ya 1950 tunaloliita Jengo la 30 Juni, ambalo baadaye wabunge wa jimbo walilichukua kuwa nyumba ya mikutano yao. (Wako wanaosema kwamba michezo haijakoma mule ndani, hayo tuwaachie wenyewe.) Lakini sisi wa Kasumbalesa, watu wa ku mupaka, tuko na teatri ingine, ya zamani zaidi. Haina jukwaa, haina viti, wala hakuna anayekata tiketi. Iko ndani ya nyumba ya udongo, mlango umefungwa, bamama peke yao, ngoma, moshi, pombe, na katikati msichana mmoja ao wawili waliofichwa. Kwetu tunasema kisungu. Kule kwa Babemba wanaandika chisungu. Katika kurasa hizi tunataka kukisoma kisungu kama vile watu wa masomo wanavyousoma mchezo: nani anacheza, nani anatazama, nani anatoka mule akiwa mtu mwingine.

Wasomaji wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya Zambia. Hapana. Mupaka huu, wenye duani na foleni ya malori ya shaba, ulipimwa na tume ya Waingereza na Wabelgiji kati ya 1911 na 1914, na ulipita katikati ya mashamba ya watu. Balamba, Balala, Baushi na Babemba walibaki huku na kule, kila upande na shangazi zake. Tena Union Minière, iliyoanzishwa 1906, iliajiri watu wengi sana wa Rhodesia ya Kaskazini mpaka mwanzo wa miaka ya 1930, na ju ya ile Kibemba kinasikika mpaka leo katika mitaa ya Lubumbashi. Mwanaume alikuja na nguvu za mikono yake. Bibi yake alipomfuata, alikuja na nyimbo. Kisungu hakikuomba pasipoti kwa mtu.

Kitabu kinachojulikana zaidi juu ya kisungu kiliandikwa na mwanamke Mwingereza, Audrey Richards, mwanafunzi wa Malinowski. Mwaka 1931, katika kijiji cha Chisonde katika nchi ya Babemba, aliruhusiwa kuingia na kufuata kisungu cha wasichana wawili tangu mwanzo mpaka mwisho, siku 23. Kitabu chenyewe, Chisungu, kilitoka mwaka 1956, yaani miaka 25 kisha. Tumekisoma tena kwa ajili ya kijitabu hiki, na tunapenda kusema wazi kwamba ni kitabu kizuri, pengine kizuri kuliko vyote vilivyoandikwa na wageni juu ya mambo ya bamama wa sehemu zetu. Uzuri wake uko katika jambo moja: mwandishi hakukimbilia kueleza. Kwanza alitazama. Alikaa mule ndani ya joto na moshi, akaandika nani ameingia kwanza, nani ameimba, nani amechoka, nani amelewa, nani amekasirika ju hakupewa heshima yake.

Tuangalie basi anachokiona. Wasichana wanaingizwa ndani wakitambaa kinyumenyume, wamefunikwa blanketi. Mkubwa wa kazi yote ni nachimbusa, mama mwenye mbusa, na yule wa Chisonde aliitwa Nangoshye. Yeye njo mwenye kupanga siku, mwenye kujua wimbo gani unafuata upi, mwenye kuamua nani anastahili kugusa kitu fulani na nani bado. Mbusa zenyewe ni sanamu za udongo: nyoka, jembe, nyumba, mamba, mama mwenye mimba, na nyingine nyingi. Zile ndogo zimechomwa motoni na zinatunzwa. Zile kubwa ni za udongo mbichi. Bamama wanakaa siku nzima kumfinyanga nyoka chini ya nyumba, wanampamba kwa mbegu na kwa rangi nyeupe na nyekundu, kazi ya jasho kweli. Kisha, mara tu nyimbo zake zimekwisha kuimbwa, nyoka yule anavunjwavunjwa. Siku ingine wasichana wanarushwa juu ya kizuizi cha matawi porini, bamama wakiwapigia makelele. Siku ingine tena bwana arusi anakuja na upinde, anapiga mshale ukutani juu ya kichwa cha bibi arusi. Mwisho wanaogeshwa, wanavikwa kikwembe kipya, wanakaa kimya juu ya mkeka mbele ya nyumba, na jirani wanapita kuweka vizawadi vyao.

Ni mchezo, bila wasiwasi. Iko na mavazi, vifaa, nyimbo zenye kufuatana, watu wa kuchekesha (bamama wanaojifanya wanaume, tunaowajua sisi wote kutoka feti zetu), na iko na mwongozaji ambaye ukimkosea utasikia. Lakini ni mchezo wa ajabu, kwa sababu yule mwenye kuchezewa, nachisungu, yule ambaye watu wote wamekusanyika ju yake, njo anayeona kidogo kuliko wote. Sehemu kubwa ya wakati yuko chini ya blanketi. Akifunuliwa, ni kwa kupimwa: ruka, gusa, inama. Hakuna anayemweleza mambo kwa urefu. Nyimbo ni fupi, nyingine zina maneno ya kizamani ambayo hata bamama vijana hawayajui vizuri. Richards anarudia mara nyingi kwamba wale wasichana walikaa pembeni kama watu waliosahaulika, huku wakubwa wakicheza kwa furaha yao wenyewe.

Tunaomba msomaji akae kidogo na picha hiyo, kwa sababu inavuruga mabishano yetu yote ya kila mwaka.

Mabishano yenyewe tunayajua. Upande mmoja kuna wale wanaosema kisungu kilikuwa shule: mutoto mwanamuke alifundishwa kupika bukari, kutunza bwana, kuheshimu wakwe, kujua mwili wake, siku hizi batoto hawajui kitu, turudishe. Upande mwingine kuna wale wanaosema ndiyo, kilikuwa shule, lakini shule mbaya, ya matusi na ya kumtia mtoto utumwa; mapadri wengi wa siku za zamani, huku na kule, waliona hivyo, na leo wako watu wa haki za binadamu wanaosema karibu maneno yale yale kwa lugha mpya. Pande zote mbili zimekubaliana bila kujua: ni shule. Wanagombana tu juu ya masomo yake.

Sasa Richards, kwa kutazama tu, aliona kwamba neno lile halikai vizuri. Wasichana wale wawili walijua kutwanga na kupika tangu udogo wao. Walijua shamba. Hata mambo ya kitanda, katika vijiji vya siku zile, hayakuwa siri kubwa kwa msichana aliyekwisha kuposwa. Je, walifundishwa nini katika siku 23 ambacho hawakukijua? Jibu lake ni kwamba hawakupewa ujuzi, walipewa wajibu. Kazi ambayo jana ilikuwa ya kumsaidia mama, kesho ni jina lao na heshima yao mbele ya watu. Na pamoja na wajibu huo, wanapewa ruhusa ya kusikia lugha ya siri ya bamama waliokwisha kuolewa.

Tunakubali jibu hilo, lakini kwa maoni yetu linaishia njiani. Linamtazama msichana kwa siku zile 23 tu, kama vile mtu anayetazama tendo la kwanza la mchezo na kuondoka. Tukichukua teatri kwa uzito wake, inabidi tumfuate mwali mwaka unaofuata, na mwaka wa tatu, na wa kumi.

Mara ya kwanza yuko chini ya blanketi. Anasikia miguu, anasikia ngoma, ananusa pombe na moshi, anasikia watu wakicheka na hajui wanacheka nini, ao anaogopa kwamba wanamcheka yeye. Mwaka unaofuata ni zamu ya binamu yake. Sasa yeye anakaa pembeni, karibu na ukuta, kati ya wanawali wa jana, na kwa mara ya kwanza anatazama kwa utulivu kitu kilichompita juu ya kichwa. Kumbe ni nyoka. Kumbe ule wimbo ulikuwa wa jembe. Akizaa, anasogea mbele, anaimba. Akizaa wa pili, ataitwa kukanda udongo. Huko kwenye udongo, mikono ikiwa na kazi, mama mukubwa mmoja atamnong'oneza kwamba jembe si jembe tu. Richards mwenyewe alikuta hivyo: mbusa moja ilipewa maana zaidi ya moja. Mmoja anamwambia kwamba jembe ni mke kulima shamba lake. Mwingine anaongeza kwamba ni mume anayempa mke uzazi, kama vile shamba linavyolimwa. Vijana walijua maana ya inje. Wakubwa walijua ya ndani. Nachimbusa alijua zote, na hakuzitoa bure.

Kwa hiyo somo linafika kwa kuchelewa, na linafika kwa nyuma. Unaona baadaye kile ulichofanyiwa kwanza. Mwali anakua ndani ya teatri ile kwa kubadilisha mahali pa kukaa: chini ya blanketi, ukutani, katika duara ya waimbaji, kwenye udongo, na wachache sana, kwenye kiti cha nachimbusa. Hii ni tafsiri yetu, si ya Richards, lakini kitabu chake kinaibeba.

Na hapa njo tunapokilaumu kitabu. Kwa kurasa nyingi tunamsikia Nangoshye, tunasikia shangazi, tunasikia Richards akifikiri. Wale wasichana wawili hawasemi karibu kitu. Mwandishi anatambua kwamba walikuwa wamenyamazishwa kwa desturi, tunaelewa. Msichana wa kisungu anatakiwa kunyamaza. Lakini desturi ya kunyamaza ilikuwa ya siku 23, na kitabu kilichukua miaka 25. Tungependa kujua walisema nini walipokuwa bamama wakubwa, wanaokaa kwenye udongo. Tena kuna mambo ambayo msomaji wa leo hawezi kuyapita haraka. Kelele zile, mizaha ile, kusukumwa kuruka mbele ya watu waliolewa, hayo si mchezo kwa anayesukumwa. Wako bamama wanaokumbuka kisungu chao kwa kucheka, na wako wanaonyamaza ukiwauliza. Mchambuzi anayesikia kicheko peke yake hajasikiliza vizuri.

Basi tuje kwa mambo ya leo, ambayo njo yaliyotufanya tuandike.

Katika feti zetu, iwe ya tarehe 30 Juni, iwe ya kupokea mukubwa fulani, vikundi vya ngoma vimepata desturi ya "kuonyesha kisungu". Tumeitazama mara nyingi. Msichana wa miaka kumi na mine ao kumi na mitano anapandishwa jukwaani, amepakwa rangi, amevaa shanga, uso wazi. Anatingisha kiuno. Bamama wawili watatu wanamzunguka na ngoma. Mwenye mikro anaeleza kwa Kiswahili na Kifaransa kwamba hapa mutoto anafundishwa kuwa mke mwema. Wakubwa wanapiga mikono, mmoja anasimama kumbandika makuta kwenye paji la uso. Dakika kumi, kisha hotuba.

Kila kitu kiko, na kila kitu kimegeuzwa. Katika nyumba ya kisungu, msichana haoni na inje haimwoni. Anafichwa kwa wanaume, kwa wageni, kwa macho ya njiani. Kufichwa kule kulikuwa mzigo, lakini kulikuwa pia ukuta. Jukwaani ukuta umebomolewa na mzigo umebaki. Aliyefichwa amekuwa wa kutazamwa, na wanaotazama ni wale ambao mlango ulifungwa ju yao. Tena hakuna mwaka unaofuata. Msichana yule hatakaa ukutani kumtazama binamu yake, hatakanda udongo, hakuna mama mukubwa atakayemnong'oneza. Ameonyesha tendo la kwanza mara ishirini, kila feti, na tendo la pili halimjui. Wenye vikundi wanasema wanaokoa utamaduni. Tunawauliza kwa heshima: ni sehemu gani ya utamaduni huu mnayoiokoa, kama si ile tu inayopendeza wageni?

Hatusemi kwamba mambo ya ndani hayawezi kamwe kuletwa inje. Mfano mzuri tunaupata mbali kidogo, Unguja, kwa Fatuma binti Baraka, anayejulikana na dunia nzima kwa jina la Bi Kidude. Huyu mama, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu na pia kungwi wa unyago, ambao kwa watu wa pwani ni ndugu wa kisungu chetu. Aliichukua ngoma ya unyago akaipiga mbele ya watu wa Ulaya, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Lakini tuangalie alichokiweka jukwaani: ngoma, sauti, na mwili wake mwenyewe wa mtu mzima, uliokwisha kuona yote. Alisimama pale kama kungwi. Mtu aliyemtazama hakuhitaji kuonyeshwa mwali ili aelewe kwamba anasikiliza mambo ya nyumba ya ndani. Tofauti hii kwa macho yetu ni kubwa sana. Mwenye haki ya kutoka na siri ni yule aliyekwisha kupita viti vyote.

Hata hapa kwetu Katanga teatri ya watu inajua mambo haya. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililochekesha redio na televisheni kwa miaka na miaka, lilifanya kazi bila maandishi: waigizaji walikaa, wakajadiliana, wakagawana sehemu, wakacheza. Profesa Johannes Fabian aliwafuata mwaka 1986 walipotengeneza mchezo kutoka kwa methali ya kwamba uwezo unaliwa mzima, na akaandika juu yake kitabu kilichotoka 1990. Ile ni teatri ya uwanja wazi, kijiji kizima kinatazama na kujibu, na kila muigizaji ni mtu mzima anayejua anachochezea. Kisungu ni kinyume chake kabisa, teatri ya mlango uliofungwa. Vikundi vyetu vimechukua mambo ya teatri moja vikayaweka ndani ya ingine bila kuuliza kama yanaingia.

Upande wa pili wa mupaka wamefanya kitu kingine, na hapa tutasema neno ambalo wenzetu wengine hawatalipenda. Kichen pati ya Zambia, ile sherehe ya siku moja ambamo bamama wanamletea bibi arusi masufuria, sahani na vitu vya jikoni, sisi tumezoea kuicheka. Tunasema ni biashara, ni kujionyesha, ni kisungu cha maduka. Kuna ukweli. Lakini itazame vizuri. Bibi arusi ni mtu mzima, mara nyingi amemaliza masomo, iko na kazi yake. Banachimbusa wamekaa naye pembeni kwa majuma kadhaa kabla ya ile siku. Siku yenyewe anaingia amefunikwa kikwembe, anakaa chini kwenye mkeka, na bwana arusi anakuja kumfunua. Blanketi la Chisonde, kumbe, halijapotea; limekuwa kikwembe. Na zaidi ya yote, yule aliyefunikwa mwaka jana yuko pale leo, ameleta zawadi yake, anaimba na wengine, anamcheka mwenzake na kumhurumia. Anatazama kile kilichofanyika juu ya kichwa chake. Tendo la pili liko. Mholanzi Thera Rasing, katika vitabu vyake viwili vya 1995 na 2001, alionyesha jinsi bamama wa Copperbelt, wengine wao Wakatoliki wa kila misa, walivyoendelea na kazi ya banachimbusa ndani ya miji ya migodi, katika vikundi vyao vya kanisa, wakipunguza siku, wakichagua nyimbo. Hawakungoja mtu kuwaruhusu. Bamama wetu wa Kasumbalesa wanaovuka kila siku na mizigo ya biashara wanajua zaidi ya vitabu. Wengi wameketi kwenye mikeka ile, kule Chililabombwe na Chingola, kama wageni ao kama shangazi.

Ju ya umri, tunataka kusema bila kuzungukazunguka. Kisungu cha 1931 kilifungua njia ya ndoa. Kwa hiyo anayetaka kukirudisha kama kilivyokuwa, kwa msichana wa miaka ile ile, anarudisha pia ndoa ya miaka ile ile, apende asipende. Sheria ya familia ya 1987 ilikubali msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilikataza ndoa ya mtoto, na marekebisho ya sheria ya familia ya tarehe 15 Julai 2016 yaliweka miaka 18 kwa wote, mwanamke na mwanaume. Wako wazee wanaosema sheria hizi ni za Kinshasa na za wazungu. Sisi tunaona kwamba zinamsaidia hata nachimbusa. Mwali wa miaka ishirini anaweza kuuliza. Anaweza kukataa wimbo fulani. Anaweza pia kuelewa mara ya kwanza, na hilo kusema kweli linabadilisha mchezo wote, ju mchezo ulitegemea asielewe. Hatudai kwamba kitu hakipotei hapo. Kinapotea: ule mshangao wa kukaa ukutani na kuona nyoka wa udongo, wenye umri mkubwa hawataupata kwa nguvu ile. Tunachagua kuupoteza.

Kwa shirika letu tumependekeza mambo machache, na wenzetu wa ngoma wamekwisha kuyasikia. Msichana asipandishwe jukwaani. Kama ni lazima kuonyesha, waonyeshe wakubwa: bamama wenyewe, ngoma zao, mizaha yao ya kujifanya wanaume, mikono yao ikikanda udongo mbele ya watu. Mahali pa mwali liwekwe blanketi tupu juu ya mkeka. Mmoja wa vikundi alilijaribu. Wakubwa wa meza ya mbele hawakufurahi, hawakujua wambandike nani makuta. Lakini bamama waliokaa nyuma kwenye mabenchi walinyamaza wote pamoja, kisha mmoja akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, kicheko kile ambacho wanaume hawakijui.

Inabaki habari ya mbusa zenyewe. Padri mmoja wa Kanada, Jean-Jacques Corbeil wa shirika la Mapadri Weupe, alizikusanya kwa miaka mingi katika nchi ya Babemba, wakati mapadri wengine walikuwa bado wanazilaani. Leo ziko Mbala, kaskazini ya Zambia, katika makumbusho ya Moto Moto, na kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 1982. Msomaji anayepata njia aende kuziona. Ni kazi ya mikono isiyo na mfano, na tunamshukuru padri yule. Ila ajue anachokitazama. Ndani ya makabati kuna zile ndogo zilizochomwa motoni, ambazo nachimbusa alizitunza na kuzirithisha. Nyoka mkubwa hayuko. Alikuwa wa udongo mbichi, amelazwa chini ya nyumba, amepambwa siku nzima na kuvunjwa kabla ya usiku kwisha, na bamama waliomvunja walijua kwamba udongo uko tele mtoni na kwamba kuna msichana mwingine anakua.